Kioo na Chupa Isiyotikiswa

Kuna watu hawakai, na kuna huyu mwanamke. Hata chakula anakula amesimama, sahani mkononi, akizunguka karakana kama mtu aliyepoteza funguo. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo alale chali juu ya benchi, kila saa, mchana kutwa, afumbue jicho la kushoto atiwe tone, alifumbe, abonyeze kona ya jicho pale karibu na pua, halafu atulie. Alitulia kama kuku aliyeshikwa miguu. Mguu mmoja unapigapiga mbao, kucha zinakwaruza, na mdomo ndiyo kabisa, haujui kwamba tone ni la jicho.

Aliyemtia tone ni wifi yake, dada wa mumewe, msusi mwenye banda lake la nywele mlango wa pili kutoka karakana. Mume mwenyewe ni dereva wa lori, wiki yupo, wiki hayupo, kwa hiyo jicho likaachiwa wanawake wawili wasioelewana hata kuhusu chumvi. Wifi mtu anaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima, anakuja mbio, anatia tone, anarudi. Wateja wakazoea. Wakawa wanauliza wenyewe kama saa ya jicho bado.

Huyu mwenye jicho watu wote wanamwita Kioo, na jina hilo hakulipata kwa hongo. Anapiga polishi samani. Kuna meza ya kulia aliyoipiga mpaka mwenye nyumba, asubuhi, akawa anaisimamia kunyoa ndevu. Habari hiyo ilitiwa chumvi njiani, sikatai, lakini hata ukiikausha chumvi yote bado inabaki meza unayoweza kuhesabia meno yako. Wengine wanapiga vanishi kwa brashi mara mbili wanaenda kulala. Kioo anapiga kwa kitambaa kilichoviringwa pamba, mkono juu ya mkono, yaani tabaka juu ya tabaka, duara ndogo ndogo, na kila mkono mpya anainama, anafumba jicho moja, anaitazama mbao kwa ubavu dhidi ya mwanga wa dirisha. Hapo ndipo lilipo jicho la kazi yake, na lilikuwa hilohilo la kushoto.

Polishi yake anaitengeneza mwenyewe. Ananunua magamba makavu ya lakiri yenye rangi ya asali, anayalowesha kwenye spiriti ndani ya chupa ya kioo, anaiweka juu ya rafu, na hapo ndipo mafundi wote wanaojifanya mafundi wanapofeli, maana haiguswi tena. Haitikiswi wala haikorogwi. Nta na takataka zinashuka zenyewe chini, zinajikalia huko kama ute mweupe, na juu kunabaki polishi safi inayopitisha mwanga. Unamimina ya juu, polepole, ya chini unatupa. Ukiitikisa, nta inapanda, viputo vinaingia, na meza yako itakuwa na ukungu maisha yake yote. Kioo alishamfukuza mtu karakana kwa kugonga tu ile rafu kwa bega.

Ugonjwa ulianza kama vumbi. Jicho likawa jekundu, mwanga ukawa unamchoma, akasema ni msasa huo, ni unga wa mbao, litapita. Halikupita. Akaanza kuona vidudu vyeusi vinaelea hewani, akavipiga kofi mpaka seremala mwenzake akamuuliza kama ni mbu wa aina gani wanaomtembelea yeye peke yake. Seremala huyo tunamwita Randa, ndiye anayeunda vitu ambavyo Kioo anaving'arisha, na kutaniana kwao ni kwa kudumu. Kioo alipoanza kuvaa miwani ya jua ya mumewe ndani ya karakana, Randa akawa anamwamkia kwa heshima zote, anamwita msanii, anamuuliza onyesho ni lini.

Kliniki ya macho walimpima damu, wakakuta hakuna mdudu. Daktari, dada kijana mwenye sauti ya chini, akamwekea kidevu kwenye ile mashine, akamulika muda mrefu kuliko Kioo alivyopenda. Akamweleza kwamba jicho limewaka kwa ndani. Si usaha, si kovu, ni mwili wenyewe umelikasirikia jicho lake, na likiachwa hivyo, pazia la nyuma linalopokea picha litavimba na uoni utaondoka kidogo kidogo bila kuaga. Dawa ni matone ya kutuliza moto huo. Akamwonya kwamba kutia dawa jichoni ni shughuli kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Jicho ni bahili. Tone likianguka, machozi yanalifukuza, kope zinalimwaga shavuni, linalobaki linateremkia puani mpaka kooni, ndiyo maana mtu anaonja uchungu. Kinachopenya ndani ni kiduchu. Ndiyo sababu ya kila saa, na ndiyo sababu ya kubonyeza ile kona, kuziba mfereji.

Kioo alielewa upesi, au alidhani ameelewa. Alisema mbao ngumu iko hivyohivyo, hainywi mpaka uizimulie polishi ya mkono wa kwanza. Daktari akacheka, akasema ni karibu na hapo. Karibu na hapo ndiyo iliyomponza, maana mtu kama Kioo ukimwambia karibu, yeye anasikia umefika.

Akauliza, kama matone yakishindwa? Daktari akasema basi dawa itapelekwa kwa sindano, kwenye jicho lenyewe, pembeni, sehemu nyeupe.

Hilo ndilo lililomkosesha raha tangu siku ile. Maumivu hakuyaogopa, amezaa watoto watatu na amekatwa na msumeno. Aliogopa kutotulia. Alijijua. Sindano ndani ya jicho inataka mtu atulie kama gogo, na yeye hata akipigwa picha anatoka na vichwa viwili. Alijiona ameshtuka, sindano imechana, jicho limemwagika kama yai. Alilisema hilo kwa wifi yake na wifi akamjibu kwamba basi watamfunga kamba, kama ng'ombe wa kuchinjwa, na kamba ataleta yeye. Ndivyo walivyokuwa wanafarijiana.

Chupa ya dawa ilipofika nyumbani, wifi akaisoma. Msusi anasoma kila chupa, maana kazini kwake ukikosea dawa ya nywele mteja anaondoka na kipara. Palikuwa pameandikwa tikisa vizuri kabla ya kutumia. Akaikamata akaanza kuitikisa kama anapiga kayamba.

Kioo akaruka akamnyang'anya. Akaiinua dirishani, plastiki yake haikuonyesha vizuri lakini ilionyesha vya kutosha, maji yote yamegeuka meupe kama maziwa. Akamwambia amechafua dawa. Akaiweka juu ya rafu, wima, kando ya chupa zake za polishi, na walipoitazama tena baadaye, juu palikuwa na maji maangavu na chini pamekaa ute mweupe. Kioo akamwonyesha wifi kwa kidole, kama mwalimu mwenye somo lake.

Wifi alibisha. Alisema waliotengeneza dawa ndio walioandika. Kioo akasema wameandika kwa ajili ya watu wasiojua kumimina. Yeye ana miaka mingapi anashughulika na vitu vinavyoshuka chini? Nani atamfundisha kuhusu mashapo? Uchafu ule ukiingia kwenye jicho lililokwisha kuwaka, si ndiyo litapasuka kabisa? Akampa amri: chupa haitikiswi, inainamishwa polepole kama birika, tone linatoka la juu, na ikifika chini inatupwa, inafunguliwa nyingine. Wifi akasema haya, jicho ni lako, na kwa tabia aliyonayo, akisema haya ujue ameiweka mahali na ipo siku ataitoa.

Basi ndivyo ilivyokwenda. Kila saa benchi, kila saa tone safi lisilo na doa, lililotunzwa kuliko mtoto mchanga. Kioo akawa anajisifu kwa wateja kwamba jicho lake linapata dawa iliyochujwa. Na jicho likazidi kuwa baya.

Likaanza kumwibia kazi. Kabati la nguo moja kubwa alilimaliza, akapiga kofi, akasema hilo hata nzi atateleza. Randa alilizunguka, asitie neno, na kwa Randa kunyamaza ni jambo la kuitia majirani. Kioo akamfuata nyuma akimuuliza ana nini. Ndipo akamshika mkono, akaupeleka juu ya mlango wa kushoto wa kabati, akaupitisha. Palikuwa na kiraka kizima, upana wa sinia, hakijaguswa na polishi. Mkono ulikisikia. Jicho halikukiona kabisa.

"Msanii," Randa akasema, sasa bila utani wowote, "rudi kwa daktari."

Akarudi, na wifi akaenda naye, maana Kioo hakuweza tena kuvuka barabara bila kugombana na magari. Chumba kilekile, mashine ileile. Daktari akatoa uso kwenye mashine, akasema moto wa mbele haujapungua hata kidogo na nyuma pazia limeanza kuvimba. Akauliza kama dawa ameitumia ipasavyo. Kioo akajibu ipasavyo kabisa, na alikuwa anasema ukweli wake, kifua mbele. Wifi akatazama viatu vyake.

Basi, daktari akasema, wewe ni wale ambao matone ya kawaida hayawafikii. Zamani angemwambia moja kwa moja habari ya sindano. Lakini sasa pale kliniki kuna matone mapya yanajaribiwa. Wanatafuta watu ambao dawa ya zamani imetumika sawasawa na ikashindwa, wanawapa hiyo mpya, wanalinganisha. Kama atakubali, siku ya kurudi wataangalia jicho mara ya mwisho na kumwingiza kwenye kundi. Hakuna sindano, angalau kwa sasa.

Kioo alikubali kabla sentensi haijaisha. Alishasimama. Alishachukua mkoba. Laiti angetoka saa hiyo. Lakini mdomo, akauliza hiyo mpya ina nini ambacho ya zamani haina.

Daktari alifurahi kuulizwa, wataalamu wakiulizwa wanakuwa kama watoto. Akavuta kiti, akaeleza kwamba dawa iliyomo kwenye chupa ya zamani haikuyeyuka kwenye maji. Ni unga. Unaelea tu, na chupa ikisimama, unga wote unashuka chini, juu yanabaki maji.

"Ndiyo maana tunasisitiza itikiswe," akasema. "Kile cheupe cha chini ndiyo dawa yenyewe."

Na akaendelea, hakujua amefanya nini. Akasema hii mpya unga wake umesagwa mdogo mno, kila chembe ikavishwa kijiganda kinachopatana na maji kwa nje na mafuta kwa ndani, kwa sababu ngozi ya mbele ya jicho ina tabaka la mafuta juu ya tabaka la maji, na dawa nyingi zikivuka moja zinakwama kwenye lingine. Chembe hizo hazishuki chini ya chupa. Zinanata jichoni muda mrefu, machozi hayazifukuzi upesi, na wanachotaka kujua hasa ni kama zitafika mpaka nyuma, kule ambako matone ya kawaida huishia kusikia habari zake tu.

Kioo hakusikia nusu ya hayo. Alikuwa bado yuko kwenye kile cheupe cha chini. Aliona chupa zote alizozitupa kwenye pipa la karakana, kila moja na ute wake, dawa imelala humo salama, haijaguswa, na yeye amelala benchini akilinywesha jicho maji. Alihisi wifi yake anamtazama. Hakugeuka. Daktari akamwambia aendelee na matone ya zamani mpaka siku hiyo ya kurudi, akashukuru, akatoka, akagonga mlango kwa bega.

Njiani wifi alimvusha barabara kwa kumshika mkono, kwa kubana kuliko ilivyohitajika. Walifika mpaka karibu na banda la nywele ndipo Kioo akaanza mwenyewe, akasema hakuna kilichoharibika, sasa wanajua, ataanza kutikisa, na matone mapya yatamaliza kazi. Wifi akamuuliza ataingiaje kwenye kundi la walioshindwa na dawa ambayo hajawahi kuitumia. Kioo akamwambia apunguze sauti. Wifi akasema sauti ni yake. Akasema wale watu wanapima dawa ya kuwatia watu wengine machoni, wenye macho yao na watoto wao, na yeye anataka kuwapa hesabu ya uongo kwa sababu ya kuogopa mchomo mmoja. Kioo akasema aende akachomwe yeye kwanza. Walifika mlangoni wakiwa hawaongei, mteja aliyekuwa akisubiri akaondoka na nywele zake timutimu.

Zile siku za katikati zilikuwa mateso kwa kila mtu aliyekuwa karibu naye. Kioo alitikisa chupa ile mpaka Randa akaomba apewe mdundo wa kuchezea. Alitikisa akitembea, alitikisa akiongea na wateja, aliitikisa wakati saa bado. Wifi aliendelea kuja kutia tone, mdomo umefungwa, kazi ya mikono tu. Tone sasa lilikuwa jeupe, zito, na kooni lilikuwa chungu kuliko mwanzo. Na kitu kikaanza. Mwanga wa dirisha ukaacha kumchoma. Wekundu ukafifia, jicho likawa la rangi ya kawaida, akavua miwani ya mumewe na kuisahau juu ya kopo.

Ungedhani atafurahi. Ndiyo kwanza hakulala wala hakukaa. Lakini ukungu uliokuwa katikati ya kila anachokitazama ulikuwa palepale. Akimtazama Randa kwa jicho hilo peke yake, uso wa Randa ulikuwa na shimo katikati, pua haipo, na alipomweleza, Randa akasema hiyo ndiyo nafuu aliyokuwa akiiombea maisha yake yote. Lakini mbele kumepona. Daktari akiona mbele kumepona, si atauliza? Na akiulizwa, atasema nini? Akinyamaza atapata matone mapya na hatachomwa. Akisema, atatolewa, na nyuma bado kumevimba, na kuna njia moja tu ya haraka ya kufika huko. Aligeuza jambo hilo kama mtu anayegeuza godoro lenye kunguni. Alipiga polishi kiti kimoja akakivua chote akakianza upya. Alimpigia mumewe simu huko safarini, akamweleza nusu nusu, akazunguka, akarudi, mume akauliza swali moja tu, kama dada yake analijua jambo hilo. Kioo akasema analijua. Mume akasema basi limeshatoka, bado kutangazwa.

Siku ya kurudi, korido ya kliniki ilijaa. Watu wameketi kwenye benchi refu ukutani, wengine na pamba jichoni, wengine na chupa zao kwenye mifuko ya plastiki mapajani. Kioo hakuketi. Alikwenda mpaka dirishani akarudi, akaenda akarudi, mpaka nesi akamwomba kwa upole achague upande mmoja.

Ndani, daktari alimulika, na safari hii alitoa uso kwenye mashine haraka. Alishangaa. Akasema mbele kumesafika, karibu kote. Nyuma bado, uvimbe upo, umeongezeka hata. Akachukua kalamu akaiweka chini.

"Muda wote ule hakuna kitu," akasema, "halafu ghafla hivi. Mama, umebadilisha nini?"

Kioo akatazama taa. Akatazama bango la jicho ukutani, lililokatwa katikati kama kitunguu. Mguu ulikuwa unapiga sakafu wenyewe. Pembeni yake wifi akakohoa, na hakikuwa kikohozi cha kifua, kilikuwa kile cha mtu anayesafisha koo ili ahutubie. Na Kioo alimjua wifi yake. Angeanza na siku ya chupa kwenye rafu, angeigiza sauti, angeigiza na mikono ile ya kumimina kama birika, wangesikia mpaka koridoni. Hilo lilimtisha kuliko sindano. Kama ni aibu, bora aiseme mwenyewe, tena kwa ufupi.

"Mwanzo nilikuwa sitikisi," akasema. "Nilikuwa natia yale maji ya juu. Ile dawa naiacha chini naitupa."

Daktari hakuelewa mara moja. Akauliza kama hakusoma maandishi. Kioo akasema walisoma. Akauliza basi kwa nini. Ikabidi aeleze polishi, magamba, spiriti, nta inayoshuka, na rafu isiyoguswa, na kwamba kazini kwake kinachokaa chini ni taka siku zote. Alieleza kwa haraka, akisimama, akikaa. Wifi akaongeza kwamba yeye alisema, na Kioo akamjibu kwamba ndiyo, alisema, haya, ameshinda, afurahi.

"Lakini nilikuuliza kama unaitumia ipasavyo," daktari akasema.

"Mimi niliona hakuna anayeitumia ipasavyo kunizidi."

Daktari alifunika uso kwa mikono, na kwa muda haikujulikana analia au anacheka. Alipoufunua alikuwa amechoka tu. Akamweleza kwamba hawezi kumwingiza kundini. Angemwingiza, dawa mpya ingesifiwa kwa kumshinda mpinzani ambaye hakuingia uwanjani, na watu wangekuja kuitegemea kwa sifa hiyo. Dawa ya zamani, ikitikiswa, imeonyesha inaliweza jicho lake, ila mbele tu. Nyuma haifiki vya kutosha, na nyuma kumeachwa kukaa na uvimbe muda wote ule wa maji matupu. Hakutaka kungoja zaidi. Uvimbe ukikaa sana, hata ukishuka, uoni haurudi nao.

"Leo?" Kioo akauliza.

"Leo."

Chumba cha sindano kilikuwa kidogo, na kitanda chake chembamba kuliko benchi la karakana. Walimtia matone ya ganzi, wakamsafisha, wakamfunika uso kitambaa chenye tundu, wakamwekea kile kichuma cha kuzuia kope zisifumbe. Kioo akatangaza kwa sauti kwamba atatikisika. Alisema wajue mapema, asilaumiwe mtu, yeye hajawahi kutulia tangu tumboni kwa mama yake. Nesi akasema wengi husema hivyo. Kioo akasema wengi ni waongo, yeye anasema kweli. Ndipo akahisi mikono miwili inamkamata vifundo vya miguu, kwa nguvu, mikono ya mtu anayesuka nywele ngumu kutwa. Wifi hakuleta kamba.

"Ukirusha teke, wifi, naachia," wifi akasema, akazidi kubana.

Daktari alikuwa ameshika kichupa kidogo, anakitikisa karibu na sikio. Kioo, kwa jicho moja lililolazimishwa kubaki wazi, aliona kile cheupe kinapanda. Akamwambia atikise tena. Daktari akatikisa tena, bila kubisha.

Akaambiwa atazame juu, kulia, asiondoe. Alitazama. Palikuwa na ufa kwenye rangi ya dari, kazi mbovu ya mtu aliyepaka mkono mmoja juu ya vumbi, na kwa mara ya kwanza katika siku nyingi akili yake yote ikaenda mahali pamoja, kumtukana mpakaji huyo kimoyomoyo. Akasikia mgandamizo, kama kidole gumba kinachosukuma mlango kutoka nje. Halafu kitu kikaanza kuogelea ndani ya jicho lenyewe, vumbi zito jeupe linaloteremka, na hakujua kama apige kelele. Kabla hajaamua, walishatoa kitambaa usoni. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Si ganzi ya dawa, ni wifi aliyebana.

Daktari akamwambia vumbi hilo ndilo dawa, litatawanyika. Asitegemee miujiza, aje aangaliwe, aendelee na matone ya mbele kwa kutikisa. Kama uvimbe ukirudi baada ya hapa, hapo atakuwa ameshindwa kihalali, na jina lake litakaribishwa kundini kwa mikono miwili. Uoni utarudi kiasi gani, hakumwahidi. Kioo alimbana sana kwa maswali, akataka japo nusu ya ahadi, hakupewa.

Wakaketi kwenye benchi la korido, pamba jichoni, wifi akifuta macho yake kwa ncha ya kanga. Kioo akamwambia aache kulia, mwenye jicho ni yeye. Wifi akasema hamlilii yeye, analilia wateja waliomkimbia. Wakakaa wakiwa wamegusana mabega, kitu ambacho hawakuwa wamekifanya tangu harusi.

Mlango ukafunguka. Daktari akatoka, hakuita mtu aingie. Akasimama mbele ya mwanaume mnene aliyekuwa mwisho wa foleni, aliyekuja kuingizwa kwenye kundi la matone mapya, akamwamkia, akamwomba jambo moja dogo. Atoe chupa yake ya zamani, ajitie tone pale pale, mbele yake, kama anavyofanya nyumbani. Yule mwanaume akashangaa. Akasema lakini ameshaulizwa, ameshasema anaitumia vizuri. Daktari akasema anajua, anaomba tu aone. Watu wote benchini wakageuza vichwa.

Mwanaume akaingiza mkono kwenye mfuko wa plastiki. Kioo alikuwa ameambiwa aketi atulie mpaka nesi amruhusu. Akainuka nusu. Wifi akamvuta gauni akakaa. Akainuka tena, akainama mbele kwa ubavu, jicho lake zima limeelekezwa kwenye mkono wa yule mtu, kuona atakishika vipi kile kichupa.